Hodi ya Tatu

Kompyuta ilianza kuhema Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limejaa sebuleni. Haikuwa ikivuma kama kompyuta nyingine. Ilivuta pumzi, ikatulia, ikashusha, kama mtu aliyepanda ngazi na mzigo.

Mama wa nyumba hiyo alikuwa akijibu wateja wa duka la mapazia mtandaoni. Alifanya kazi palepale nyumbani ili asimwache binti yake, mtoto wa miaka miwili kasoro ambaye hakuwa amewahi kutamka neno. Kila asubuhi alimpigia magoti. "Sema mama. Ma-ma." Mtoto alicheka tu, akamshika pua.

Kufika Jumatano kivinjari kilikuwa kinajikokota. Herufi uliibonyeza sasa, ikatokea ukishaisahau. Kasha la mashine liliunguza mkono, na harufu yake haikuwa ya waya, bali ya udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Tena mtoto alikuwa amehamia chini ya meza. Alikaa akiitazama mashine, akipumua nayo pamoja.

Mama akamwita fundi.

Fundi alivua viatu mlangoni, na kabla ya kugusa chochote aliusogeza waya usimkwaze mtoto. Mama aliliona hilo, moyo ukamtulia kidogo.

"Kivinjari ndicho kinachomaliza nguvu za prosesa, ubongo wa mashine, dada. Ona, umefungua kurasa ishirini na moja! Mpishi mmoja, walaji mtaa mzima."

Mama akacheka kwa aibu. Fundi akafunga ukurasa mmoja mmoja hadi zikaisha. Prosesa ilibaki asilimia tisini na nane. Akakifunga kivinjari chenyewe. Tisini na tisa.

Akafungua orodha ya kinachotumia nguvu. Juu kabisa palikuwa na neno moja: Mgeni.

"Nani mwingine anaitumia hii?"

"Hakuna, kaka. Mimi tu."

Fundi akalifuta. Likatoweka, kisha likarudi, na ile pumzi sasa haikutoka kwenye mashine bali nyuma ya shingo zao, ya moto, yenye udongo. Fundi hakutania tena.

"Dada," alinong'ona, "kuna mtu umemjibu bila kumjua?"

"Ndiyo kazi yangu! Wote huandika hodi, nami nawaambia karibu."

Mama akarudi nyuma kwenye ujumbe wa Jumatatu, akiwapita wa mapazia ya maua na wa mapazia ya mistari, hadi akaukuta mmoja usio na jina wala picha wala saa, umeandikwa Hodi, na chini yake jibu lake mwenyewe, alilolichapa kwa mazoea huku akimfuta mtoto uji mdomoni: Karibu sana, jisikie uko nyumbani.

"Wewe ndiye uliyemkaribisha," fundi alisema. "Mimi nikimfukuza hatanisikia. Mwambie mwenyewe. Mimi siondoki hapa."

Mama alimkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akachapa: Nimeondoa karibu yangu. Toka kwangu, na mwanangu umwache.

Pumzi ikakatika. Tisini na tisa ikashuka hadi arobaini, hadi tatu. Harufu ikaisha, na mtoto akateleza mkononi, akarudi chini ya meza.

Fundi alisubiri nusu saa nzima bila kuombwa, akachomoa waya wa umeme, akauviringisha vizuri mezani, ndipo akaaga.

Hata kitasa hakijapoa joto la mkono wake, ikasikika sauti nje.

"Hodi."

Amesahau kitu, mama akawaza, akafungua mdomo ajibu, lakini kupitia dirisha akamwona fundi kule mwisho wa barabara, begi begani, anakata kona.

Akauziba mdomo wake kwa kiganja.

"Hodi," mara ya pili, kwa upole, na harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango. Mama hakupumua. Mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, huenda zake. Imebaki moja, alijiambia, moja tu, nyamaza.

"Hodi."

Nyuma yake, kutoka chini ya meza, sauti nyororo ambayo hakuwahi kuisikia, ile aliyoipigia magoti kila asubuhi, ikatamka neno lake la kwanza bila kukosea hata herufi.

"Karibu."