Maumivu Yanayohama

Miaka ile ya vita, familia ya Hirsi, wafugaji wa kuhamahama waliokusanywa na serikali, iliishi ndani ya kijiji kilichozungushiwa ua wa miiba karibu na Garissa. Askari walilinda lango. Jioni mbuzi waliporudi, vumbi lao jekundu lilielea hewani polepole, kama halijui pa kwenda.

Binti yao, Rukiyo, aliumwa koo. Koo likatulia. Baadaye goti likavimba. Hirsi akapasha moto kijiti, akalichoma goti, kama wazee wake walivyotibu. Maumivu yakahamia kifundo cha mguu. Akachoma hapo pia. Yakahamia kiwiko.

"Aabo, yanahama kama sisi," Rukiyo alimwambia baba yake.

"Nami nayafuata. Nimezoea kufuata wanaohama."

Hatimaye viungo vyote vikapoa. Lakini sasa Rukiyo hakuweza kulala chali. Alisinzia ameketi, akimwegemea mama yake, Shamso. Pumzi yake ilikuwa fupi.

"Hooyo," alimnong'oneza mama, "nikilala, mto Tana unaingia kifuani."

Hirsi akapasha kijiti tena. Shamso akakaa kati ya moto na mtoto.

"Ukiyafukuza kifuani, yatahamia wapi?"

Hirsi akaweka kijiti chini. Akazima moto, akaenda langoni kuomba ruhusa ya kutoka.

Hospitalini, muuguzi Mursal alisikiliza kifua cha mtoto.

"Alianza na koo?"

"Ndiyo, likapona," alisema Shamso.

"Koo lilitulia, ugonjwa ukaendelea. Hii ni homa ya baridi yabisi. Hupita kwenye viungo, kisha hushika moyo. Moyo ukichoka, maji hujaa kwenye mapafu."

"Na moto wangu?" Hirsi aliuliza.

"Maumivu haya huhama yenyewe, ndugu yangu. Moto umemwachia makovu tu."

Rukiyo akapewa dawa za kupunguza maji, sindano na kitanda cha kupumzika. Siku zikapita kama mawingu yasiyo na mvua. Alfajiri moja Shamso alimkuta amelala chali, kifua kikipanda na kushuka taratibu. Alikaa akimtazama mpaka jua likatoka.

Walipoondoka, Mursal aliwaambia, "Moyo wake bado dhaifu. Mleteni achomwe sindano kila mwezi, kwa miaka mingi, ili ugonjwa usirudi. Na mtoto yeyote akiumwa koo, msingoje."

Mwezi mpya ulipoandama, Hirsi alimwita binti yake.

"Lakini Aabo, siumwi popote."

"Najua," alisema Hirsi, akimfunga kiatu. "Ndiyo maana tunaenda."