Maparachichi Yasiyo na Vikonyo

Siku za mavuno, kabla ya shule, Chapuchapu alimsaidia shangazi yake kuchuma maparachichi. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu alifanya kila kitu mbio. Hata kamba za viatu alijaribu kuzifunga huku anatembea.

"Kata kwa mkasi, usivute," shangazi alimwambia asubuhi moja. Lakini mkasi ulimchelewesha. Shangazi alipokwenda upande wa pili wa shamba, Chapuchapu akaanza kunyofoa kwa mkono. Matunda kama ishirini yalibaki na kishimo kichwani. Aliyapanga chini kabisa ya sanduku, akayafunika kwa mazuri, akakimbilia shule.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha sayansi. Mwalimu aliinua chungwa lililotoka na kijiti chake. "Kijiti hiki kinachoshika tunda kwenye tawi kinaitwa kikonyo. Majani yana vikonyo, maua pia. Maji na chakula hupitia humo."

"Kikinyofoka je, mwalimu?" Chapuchapu aliuliza.

"Tunda linabaki na kidonda. Vimelea huingia hapo, linaoza, kisha linaambukiza majirani zake."

Tangu hapo hakutulia. Gari la mnunuzi lingefika saa sita, na mnunuzi alikwisha kuonya kwamba akipewa mzigo mbovu hatarudi. Shangazi hakuwa na mnunuzi mwingine. Chapuchapu alitazama saa ya ukutani, akatazama dirisha, akavunja ncha ya penseli mara mbili. Mapumziko yalipofika aliomba ruhusa, akatoka mbio.

Shangazi alikuwa akifunga sanduku la mwisho. "Kulikoni, mwanangu? Umefukuzwa?"

"Usifunge, shangazi. Nilivuta kwa mkono. Nimeyaficha humo, chini kabisa."

Shangazi alikunja uso. Kisha akamwaga sanduku zima juu ya turubai. Walichambua moja moja, na gari likapiga honi kabla hawajamaliza.

"Mbona pungufu, mama?" mnunuzi aliuliza.

"Yale pale hayana vikonyo. Sikuuzii."

Mnunuzi aliokota moja, akaligeuza, akalirudisha, akapakia yale mazuri. "Basi nitapita wiki ijayo."

Gari lilipoondoka, Chapuchapu alitokwa na machozi. Shangazi akamfuta kwa kiganja.

"Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Lakini kunyofoa tunda ni kosa la mkono, na mkono hufundishwa. Kuficha ndiko kungeniharibia jina, nami nisijue nimekosa nini. Ukikosea tena, na utakosea, njoo uniambie gari likiwa bado halijafika."