Picha ya Kaka Kwenye Skrini ya Wateja

Studio ya Baba ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati uliolalamika kila ulipofunguliwa. Jumamosi asubuhi kila mtu alijua kazi yake. Mimi nilifagia na kupanga viti. Dada, aliyenizidi miaka michache na maneno mengi, alifuta vumbi kwenye meza na kompyuta. Baba mwenyewe alikunjua lile pazia la bluu ambalo nusu ya mtaa wetu ilipigiwa picha mbele yake, akasugua miwani kwa pindo la shati, kisha akaketi. Mpaka leo nikisikia kompyuta kuukuu ikiunguruma kabla ya kuwaka, hushikwa na hamu ya kurudi pale, japo kwa dakika moja tu.

Kompyuta yetu ilikuwa na skrini mbili. Moja ilimtazama Baba, na nyingine iliwatazama wateja waliokaa kwenye benchi, ili waone kazi ikifanyika na waseme wanachotaka kabla karatasi haijatoka. Wenye studio nyingine walimcheka kwa hilo. Walisema anajitafutia maneno, maana mteja akionyeshwa kazi haishi kukosoa. Baba aliwajibu kwamba sura ni ya mwenyewe, yeye ni fundi tu.

Skrini ya wateja haikulala kama skrini nyingine. Baba aliisimamisha wima kwenye stendi ya mbao, kwa sababu, alivyopenda kusema, watu wanaopigwa picha husimama, hawalali. Kwenye mipangilio alikuwa ameiambia kompyuta kwamba skrini ya pili iko upande wa kushoto, na kwamba imesimama. Basi mshale wa kipanya ukifika ukingo wa kushoto wa skrini yake, ulitoweka na kuibukia kwa wateja. Watoto wa mtaa walikuja kuutazama ukivuka. Baba aliwaambia umekwenda kumsalimia jirani, nao wadogo waliamini.

Mwaka mmoja alikuja bibi mmoja ambaye zamani alikuwa mkunga. Watu wote walimwita Bibi Mkunga, na wengi wao aliwapokea yeye walipozaliwa, mimi na Dada tukiwemo. Alileta fremu yenye picha ya kaka yake mkubwa, aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Paa lilivuja, maji yakaingia kwenye fremu, na picha ikagandana na kioo. Ilipobanduliwa, nusu ya uso ilibaki kwenye kioo. Hakuwa na picha nyingine ya kaka yake popote duniani.

Baba aliipiga picha ile ilivyo, akaiingiza kwenye kompyuta, akaanza kuuchora uso upya. Kila siku Bibi Mkunga alikuja kukaa kwenye benchi akimwelekeza. Kidevu kilikuwa chembamba zaidi. Nyusi zilikaribia kukutana. Kila jioni aliutazama uso uliopatikana, akatikisa kichwa na kusema, "Anafanana naye, baba, lakini siye." Na kila jioni Baba aliufuta bila kununa. Desturi yake ilikuwa hiyo: hakuhifadhi uso wa marehemu kwenye kompyuta mpaka ndugu yake aseme, "Ndiye." Aliona kwamba kuhifadhi sura isiyo yake ni kumzika mtu mara ya pili.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Mchana ule Bibi Mkunga alikuwa anahama kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali sana, na gari lilikwisha kuagizwa. Baba aliamka kabla ya jogoo, akaanza uso upya. Tulipofika na ufagio wetu, alikuwa ameegemea kiti akitabasamu peke yake. Kwenye skrini ya wateja alisimama kijana mmoja mwenye kidevu chembamba, na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayetaka kutania.

Halafu Baba akaitwa kwenda kupiga picha kwenye mahafali ya chuo cha ufundi. Akabeba kamera. Alimwagiza Dada amkaribishe Bibi akifika, amwache aitazame picha kwa utulivu, na kitu kingine asiguse. Dada aliitikia, "Ndiyo, Baba," kwa sauti ya utii mtupu.

Haukupita muda akaingia binti wa fundi cherehani wa mlango wa pili. Tulimwita Redio, kwa sababu akishafunguka hazimiki. Alikuwa na video ya darasa lao kwenye mashindano ya nyimbo, na alitaka kuiona kwenye skrini kubwa. Dada alisitasita. Redio akamwambia video yenyewe ni fupi, na wakiisha kuitazama watarudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Dada naye aliimba mstari wa mbele katika video ile. Sikio la kufa halisikii dawa.

Waliifungulia kwenye skrini ya wateja. Kwa kuwa ilikuwa imesimama wima, video ilikaa katikati kama mkanda mwembamba, na waimbaji walionekana wadogo kama sisimizi. Redio akashauri skrini ilazwe. Wakaitoa kwenye stendi wakailaza, na darasa zima likawa linaimba limelala ubavu. Hapo tulicheka mpaka machozi, nakiri, hata mimi.

Ndipo Dada akaingia kwenye mipangilio. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, akakubali kila alichoulizwa bila kukisoma. Katika kubonyeza kwake akachagua kwamba kompyuta itumie skrini ya kwanza pekee. Skrini ya wateja ikawa giza. Video ikahamia kwenye skrini ya Baba, Dada akaifunga, akaanza kumtafuta yule kijana mwenye kidevu chembamba.

Hakuwepo. Jina la programu ya picha lilionekana chini ya skrini, lakini kila alipolibonyeza hakikutokea kitu. Akabonyeza tena na tena. Niliuona uso wake ukibadilika, na kicheko kikanikauka mdomoni.

Redio alikuwa na dawa ya haraka. "Zima kompyuta," akasema. "Mzee akirudi, mwambie umeme ulikatika. Mtaa huu umeme unakatika kila kukicha, nani atakubishia?"

Uongo ule ulikuwa mzuri, hauna hata mshono. Kila mtu mtaani angeuamini. Dada alinyoosha mkono, kidole chake kikagusa swichi, kikakaa pale. Mimi nilikuwa nimeshika ufagio bila kufagia. Kisha akaurudisha mkono mapajani.

"Nikisema ni umeme, Baba ataacha kuitafuta ile picha," alisema.

Redio akakumbuka ghafla kwamba mama yake anamwita. Akatoka, na mlango wa bati ukalalamika nyuma yake.

Bibi Mkunga aliingia akiwa amevaa nguo zake za safari, na begi dogo mkononi. Tulimwamkia. Alikaa mahali pake kwenye benchi, akaweka begi miguuni, akainua macho kwenye skrini. Aliona giza. Aliuliza kama Baba hajamaliza.

Dada angeweza kusema hajamaliza, akapata angalau dakika chache za kupumua. Badala yake alikwenda kupiga magoti mbele yake.

"Bibi, Baba alimaliza. Alikuwa hapa, kaka yako. Mimi nimechezea kompyuta, na sasa simwoni. Nisamehe, Bibi."

Bibi Mkunga alimtazama Dada, akaitazama skrini, kisha akageuza uso ukutani. Mabega yake yalishuka. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba mbele yangu mtu alikuwa anafiwa tena na kaka yake. Nililia waziwazi, na Dada, ambaye kwa kawaida angenitania, naye alikuwa analia.

Hivyo ndivyo Baba alivyotukuta. Dada alimweleza yote, tangu video mpaka kulazwa kwa skrini na kuguswa kwa swichi. Kitu pekee alichokiruka ni jina la Redio. Baba alisikiliza bila kuvua kamera shingoni, kisha akauliza.

"Umeizima kompyuta?"

"Sijaizima, Baba."

"Hata ile swichi hukuibonyeza?"

"Niligusa. Sikubonyeza."

Baba alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole. Nilidhani atakaa kwenye kiti chake atengeneze mwenyewe. Lakini alikivuta kiti, akamwelekeza Dada akae.

"Wewe uliyeifunga njia ndiwe utakayeifungua," alisema. "Futa machozi, usome kila neno kabla ya kubonyeza."

Dada alifungua mipangilio ya skrini. Yakatokea maboksi mawili, moja limeandikwa namba moja na jingine namba mbili, lakini la pili lilikuwa limefifia. Baba alimweleza kwa upole, kana kwamba hakuna gari linalosubiriwa na mtu. Programu ile ilikuwa ya zamani na yenye ukaidi. Dirisha lake likiwekwa kwenye skrini ya wateja, linabaki huko hata skrini ikiondolewa. Picha haikwenda popote. Kilichoondoka ni skrini ya kuionyesha.

Akamwonyesha machaguo mawili. Ukichagua kuiga, skrini zote mbili zinaonyesha kitu kilekile. Ukichagua kupanua, kila skrini inakuwa na nafasi yake, kama meza mbili zilizounganishwa. Dada alisoma, akasoma tena, akachagua kupanua. Boksi la pili likakolea. Lakini lilikaa upande wa kulia wa la kwanza, wakati skrini yenyewe iko kushoto. Baba akamuuliza mshale utapitaje ukutani kumfuata jirani aliye upande wa pili. Dada alicheka kidogo katikati ya kwikwi, akaliburuta boksi mpaka kushoto. Mwisho akachagua skrini ionyeshe kwa wima. Baba na mimi tuliinyanyua skrini, tukaisimamisha tena kwenye stendi yake.

Ilipepesa mara moja, ikawaka. Yule kijana akatokea mzima, kidevu chake, nyusi zake na yale macho ya utani.

Baba alikuwa akingojea neno la Bibi, lile la "ndiye", au basi, "siye". Bibi Mkunga alisimama taratibu kutoka kwenye benchi. Alikwenda mpaka karibu na skrini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Baba alivua miwani. Kwa sauti ndogo alimwambia Dada ahifadhi picha, na Dada akaihifadhi. Kisha ikachapishwa kubwa, kwenye karatasi bora kuliko zote zilizokuwemo kabatini, na Bibi Mkunga aliishika mikononi mpaka wino ukakauka, akikataa kupokewa.

Gari lilipopiga honi nje, alimwita Dada. Alimwambia kwamba aliposikia picha haionekani, alikasirika hadi akashindwa kusema, na asingependa kumficha hilo. "Lakini mjukuu wangu," akaendelea, "ungenidanganya, ningeondoka hapa nikilaani umeme, na kaka yangu nimemwacha humo ndani." Alimshika Dada kichwani, kama alivyomshika siku ile ya kwanza ya maisha yake, akatoka.

Tulibaki watatu. Dada alisimama akingojea adhabu, na aliipata: wiki nzima ya kufua mapazia yote ya studio, hata lile jeusi ambalo halijawahi kuonekana chafu. Alisema, "Asante, Baba," na safari hii sauti yake haikuwa ya kuigiza.

Kisha Baba akatukalisha kwenye benchi la wateja. Yeye hakuwa mtu wa hotuba, kwa hiyo maneno yake machache tuliyashika.

"Kugusa usichokijua bila kuuliza ni kosa," alisema. "Makosa kama hayo hata mimi nimeyafanya, na mengi hutengenezeka. Ile swichi isingetengenezeka. Ungeibonyeza, uso ule ungepotea kweli, maana ulikuwa haujahifadhiwa. Na ungesema ni umeme, ningekuamini, kwa sababu nakuamini. Anayekosea akasema kweli anatuachia nafasi ya kumsaidia. Anayedanganya anatufungia nje, halafu anabaki ndani peke yake na kosa lake. Mmenielewa, wanangu?"

Tulijibu tumeelewa. Baba akavaa miwani, akamwambia Dada arudi kwenye kile kiti, kwa kuwa bado hajamfundisha mipangilio iliyobaki.