Funga Kitabu Kwanza, Usikilize

Mama Flora alikuwa anatwanga mihogo huku anasimamia masomo. Mchi mkononi, sikio kwenye redio kaseti. Kila mtu wa kwenye kanda alipouliza swali, Flora alijibu mbio mbio kabla mwenzake wa kwenye kanda hajajibu. Mama hakujua Kifaransa hata neno moja, elimu yake iliishia darasa la saba. Lakini alisikia sauti mbili zinafanana, akafurahi.

"Swali la thelathini na tisa!" alisema. "La arobaini! Hujakosea hata moja, mwanangu. Kama katekisimu!"

Na kweli, Flora alijifunza hivyohivyo alivyojifunza katekisimu ya kipaimara. Swali la kwanza, jibu la kwanza. Swali la pili, jibu la pili. Kitabu wazi mapajani, kanda inazunguka kutwa nzima, watu wanapiga soga, kuku wanaparua.

Kanda hizo nne na kitabu chake mjomba Optatus alizinunua Mtwara. Tangu biashara zifunguliwe, kila kitu kilipatikana madukani, mradi uwe na fedha. Na Flora alikuwa na sababu. Pale Newala ilifunguliwa zahanati mpya ya wageni. Daktari wake, Jozian, alikuwa mama wa Kifaransa. Kiswahili hajui, Kiingereza chake cha kuokoteza. Alitaka mkalimani. Flora alifanya mtihani wa kuandika, akawashinda wenzake wote. Akaambiwa aanze kazi Jumatatu.

Jumatatu hiyohiyo alfajiri, Anselmo, kitinda mimba wa miaka miwili, aliamka mwili wa moto. Mama Flora alimsagia klorokwini, dawa ya malaria, akamnywesha. Ilipofika saa nne homa haijashuka. Akamfunga mgongoni, huyo, zahanati. Moyoni alijiambia: si haba, mwanangu yumo ndani.

Daktari Jozian alimpima mtoto. Akageuka, akamwuliza Flora jambo. Alisema haraka, kama mtu anayemwaga mahindi kwenye debe.

"No," akajibu Flora.

Daktari akauliza tena jambo jingine.

"Wi," yaani ndiyo, akajibu Flora, na kichwa akakiinamisha kwa adabu.

Daktari akachukua vidonge, akavisaga kijikoni, akatia maji. Mama Flora akanusa. Akatazama ile chupa.

"Flora, hiyo si klorokwini?"

"Mama, nyamaza, daktari anafanya kazi."

"Nakuuliza, amekuuliza nini?"

Flora akaanza kupanga chupa mezani.

"Amekuuliza nini, Flora? Na wewe umemjibu nini?"

Kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni mwa Anselmo. Mama Flora aliupiga mkono wa daktari. Kijiko kikaruka, dawa ikamwagika kwenye koti jeupe la daktari.

"Ameshakunywa!" alipiga kelele. "Ameshakunywa alfajiri! Mimi mwenyewe nimempa!"

Mganga msaidizi, Bwana Stefano, alikuja mbio kutoka chumba cha pili. Akamweleza daktari kwa Kiingereza. Daktari akakaa kitini, rangi imemtoka. Alisema polepole, Stefano akafasiri:

"Anasema alimwuliza binti kama mtoto amepewa dawa yoyote leo. Binti akasema hapana. Dawa hii ukizidisha kwa mtoto mdogo, inaweza kusimamisha moyo."

Mama Flora akamnyakua Anselmo.

"Tena anasema," Stefano aliendelea, "kuandika binti anajua, ila kusikia hasikii. Anampa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha hasikii, atatafutwa mwingine."

Anselmo alipewa dawa ya kushusha homa tu, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Walipofika penye mikorosho, Mama Flora alisimama.

"Ulimsikia alichosema?"

"Sikusikia, mama."

"Sasa kwa nini ulijibu?"

Flora akaanza kulia. "Ningemrudishaje, nimwambie arudie? Yule ni mtu mzima. Nyinyi wenyewe mlitufunda: mkubwa akisema, mtoto haulizi mara ya pili. Anaitikia."

Maneno hayo Mama Flora aliyasema yeye, kwa kinywa chake, mara nyingi tu. Alimkumbatia Anselmo akamkaza mpaka mtoto akalia.

Jioni alikwenda kwa jirani yake, Bi Mwanaheri. Huyu alikuwa muuza mitumba. Ujana wake alikaa Komoro miaka tisa, ameolewa huko, na Kifaransa alikiokota sokoni na hospitalini. Alipoelezwa, hakucheka.

"Mlete na kanda zake," alisema.

Flora alifika, akaamkia. "Shikamoo, Bi Mwanaheri."

"Marahaba. Nisomee hilo somo la sita."

Flora akasoma kama maji. Bi Mwanaheri akakichukua kile kitabu, akakikalia.

"Bi Mwanaheri!"

"Kinanitosha kwa kigoda. Sasa weka kanda, tena katikati, usianzie mwanzo."

Kanda ikasema. Flora hakushika hata neno.

"Kanda ile ile uliyoimaliza mara mia," alisema Bi Mwanaheri. "Unaona? Umeifundisha midomo yako, masikio umeyaacha nyumbani. Kitabuni kila neno limekaa peke yake kwenye kigoda chake. Midomoni mwa watu maneno hutembea yameshikana mikono, mengine yamebebwa mgongoni hata hayaonekani. Hayo lazima uyafuate kwa sikio. Jicho haliwezi."

"Sasa nifanyeje?"

"Sikiliza kipande kidogo, dakika moja tu. Kitabu kimefungwa. Mara ya kwanza usihangaike na maneno. Niambie tu: wanaosema ni wangapi? Wako wapi? Wamekasirika au wanacheka?"

Flora akasikiliza. "Wawili. Mwanamke na mwanamume. Nadhani dukani... Mwanamke hajaridhika na bei."

"Haya! Na wanasema husikii. Rudisha nyuma, sikiliza tena. Sasa shika maneno unayoyajua. Mara ya tatu andika ulichosikia, hata kama ni vipande. Hapo ndipo utafungua kitabu uone sikio lilipotelea wapi. Halafu funga tena, useme pamoja na kanda, kwa mwendo wao, siyo mwendo wako."

"Kutwa nzima?" aliuliza Mama Flora.

"Kutwa nzima ni kelele, mwenzangu. Robo saa asubuhi, robo saa jioni, pametulia. Kila siku, bila kuruka."

Kisha akamgeukia Flora, sauti imebadilika. "Na lililo kubwa kuliko yote. Utamwambia: samahani, rudia tafadhali, polepole. Nitakufundisha kulisema vizuri. Ukishaelewa, mrudishie: umesema hivi na hivi, sivyo? Usifasiri neno mpaka akubali."

"Atanichukia."

"Akuchukie. Mkalimani anayeitikia asichokisikia ni hatari kuliko bubu. Bubu hamdanganyi mtu."

Mwezi ule nyumba ya Mama Flora ilibadilika. Saa ya kanda, mchi ulilala. Mama ndiye aliyebonyeza kitufe na kukificha kitabu ndani ya kanga. Alichagua popote kwenye kanda, kwa kushtukiza. Betri zilipochoka, walizianika juani pamoja na makopa ya mihogo. Kanda waliirudisha nyuma kwa kalamu ili betri zisiishe. Jioni Bi Mwanaheri alikuja kuongea Kifaransa cha sokoni, mara amegeuka, mara anatafuna, mara ameziba mdomo kwa mtandio. Juma la kwanza Flora alilia siku tatu. La pili alilia siku moja. La tatu alicheka, kwa kuwa mwanamume wa kwenye kanda alitania, naye akautambua utani.

Siku ya kujaribiwa, mwezi mmoja ulipotimia, ilikuwa Julai, wakati wa kupuliza salfa, ule unga wa kuua ukungu, kwenye mikorosho. Bwana Stefano alikuwa amempeleka mgonjwa Masasi, hospitali ya Mkomaindo. Watu walijaa barazani. Mama Flora alikaa pembeni.

Hata daktari hajaanza kumwuliza Flora maswali, akaingizwa Mzee Hamudi, ameshikiliwa na mkewe, Pili. Mfuko wa salfa ulimpasukia usoni. Macho yamevimba, anayapikicha na kulia.

"Nyumbani tuna maziwa ya mbuzi, tumtie!" alisema Pili.

Daktari alisema kwa ukali, kitambaa kimefungwa mdomoni, anaosha mikono, amewapa mgongo. Maneno mengi, mbio.

Flora alisimama. Ataitikia, aliwaza Mama Flora. Mungu wangu, ataitikia.

"Samahani," alisema Flora kwa Kifaransa. "Rudia tafadhali, polepole."

Mzee mmoja barazani, alipoona daktari amekatizwa, alisonya. "Watoto wa siku hizi! Mkubwa anarudishwa?"

Daktari akageuka, akarudia. Flora akasikiliza, macho ameyafumba.

"Umesema maji safi tu," alimrudishia, "kope ziwe wazi, robo saa. Sivyo?"

Daktari akatikisa kichwa kukataa. Akasema tena, safari hii ameshusha kitambaa.

"Nusu saa," Flora alisema kwa Kiswahili, sauti imepanda. "Maji safi tu, macho yote mawili, kope ziwe wazi, bila kusimama. Asipikiche. Asitiwe maziwa wala mafuta. Bi Pili, kuna kitu mmeshamtia?"

"Bado!"

Flora akamweleza daktari. Daktari akaitikia kwa kichwa.

"Lakini nusu saa ya maji!" alilia Pili. "Maji gani hayo, Newala hii?"

Wakaanza kumwagia. Pipa la zahanati liliisha hata robo saa haijafika. Mama Flora akatoka mbio barabarani. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka bondeni, ndoo kichwani, jasho linawatiririka.

"Jamani, nipeni maji! Ni jicho la mtu!"

Walitazamana. Safari ya saa tatu nzima ile, kwenda na kurudi. Kisha mmoja akatua ndoo, na mwingine, na mwingine.

Nusu saa ilipotimia, Mzee Hamudi alifumbua jicho moja. Akafumbua la pili.

"Unaona, mzee?" aliuliza Flora.

"Naona binti amelowa kama kuku wa masika. Na mimi leo nimeogeshwa maji ya mwaka mzima."

Baraza lote likacheka, hata yule aliyesonya. Daktari Jozian alisema jambo, tena polepole bila kuombwa. Flora akamrudishia neno kwa neno. Halafu akamgeukia mama yake.

"Anasema kazi ni yangu, mama. Kesho tunakwenda vijijini."

Nanyi mlio na watoto wanaojifunza lugha kwa kanda, msidanganyike na mtoto anayejibu mbio mbio. Fungeni kitabu. Anzisheni kanda katikati. Na mumpe ruhusa ya kuuliza tena, mbele ya mtu yeyote yule.

Jioni ile, wakila, Mama Flora aliuliza:

"Leo umemrudisha daktari mara ngapi?"

"Mara sita, mama."

"Kesho ukimrudisha hata mara kumi," alisema, "mimi nimekubali."