Nyuki wa Mama Mkubwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Amna alifagia uwanja, akachota maji, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kukagua mizinga miwili ya nyuki. Kila mzinga ulikaa juu ya kichanja chake, na kila mguu wa kichanja ulisimama ndani ya kopo lenye oili chafu ili siafu wasipande. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake mkubwa, Bibie, aliyemchukua kutoka Ilula kuja kuishi naye Uyole, Mbeya.

Amna alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake, Saida, aliyekuwa akiuza nyanya kando ya barabara kuu, alifariki mwaka uliopita baada ya kuugua miezi mitatu. Miezi yote hiyo Amna alimwomba Mungu amponye. Tangu mazishi, alisimama kuswali na mama mkubwa, akarukuu na kusujudu kama kawaida, lakini moyoni hakusema neno. Aliona hakuna anayemsikia.

Kwenye simu ya mama mkubwa ulibaki ujumbe mmoja wa sauti: mama akiuliza kama Amna amekula, huku malori yakisikika yakipita. Ijumaa moja jioni, mama mkubwa alimwagiza abadilishe oili kwenye makopo, maana mvua ilikuwa imeyafurisha. Amna akaketi jikoni na simu, akausikiliza ujumbe ule mara nyingi hata giza likaingia. Alipoulizwa, alisema ameshabadilisha.

Asubuhi yake mzinga mmoja ulikuwa mweusi kwa siafu. Nyuki walikuwa wamehama, wakaacha asali, masega na watoto wao. Bibie alichungulia makopo, akaona maji matupu. Akasema bila shaka Timotheo, fundi wa gereji aliyewapa oili, aliichanganya na maji, na kwamba anakwenda kumwambia asiwaletee tena.

Timotheo alikuwa akiwapa oili hiyo bure. Amna alimfuata mama mkubwa hadi getini.

"Mama mkubwa, usiende," alisema. "Sikuweka oili. Nilikuwa namsikiliza mama."

Bibie aligeuka, akarudi uani. Hakumgombeza. Alimwambia kwamba uongo wake ulikaribia kumwaibisha mtu asiye na kosa, na kwamba, kwa kuwa amesema kweli, watatengeneza pamoja palipoharibika.

Wakawafukuza siafu kwa majivu ya moto, wakausafisha mzinga, wakaweka oili mpya. Mchana wakawakuta nyuki kwenye mparachichi wa jirani. Walikuwa wameshikana wenyewe kwa wenyewe, wakaning'inia kama fungu moja, na mvua ikiwanyeshea. Wachache walikuwa wamekufa chini. Amna alitazama sana. Waliolowa nje walijipenyeza ndani kupata joto, na wa ndani wakatoka kuchukua nafasi zao. Mvua ilipokatika, Bibie alivaa wavu usoni, akauweka ule mzinga chini ya tawi, akalitikisa taratibu, na nyuki wakaingia ndani; jioni wakaurudisha kichanjani.

Siku ya nne walifungua kifuniko. Ndani palikuwa na sega jipya, jeupe, dogo kama kiganja cha mtoto.

"Hawakumbuki walichopoteza?" Amna aliuliza.

"Sijui," alisema Bibie. "Mwenyezi Mungu amewataja katika Kurani, na sura nzima inaitwa kwa jina lao, lakini sijasoma mahali kama wanalia. Ninachokiona ni kwamba mvua ilipowapiga, hakuna aliyekaa peke yake. Sisi binadamu tunakumbuka na tunalia, na Mungu hakutukataza. Mwambie, hata kama ni kumlalamikia. Lakini ukijificha na uchungu wako, utaanza kusema uongo, na wanaokupenda watashindwa kukusaidia. Mimi pia namkumbuka. Alikuwa mdogo wangu."

Amna hakuwahi kufikiri kwamba mama mkubwa naye amefiwa. Alimshika mkono, wakafunga mzinga.

Jioni hiyo, baada ya swala ya magharibi, Amna alibaki ameketi juu ya mkeka. Hakuomba apewe kitu. Alimwambia Mungu kwa sauti ndogo kwamba anamkumbuka sana mama yake kila siku, akalitaja jina lake, Saida. Kando yake, mama mkubwa aliinua viganja vyake, akaitikia, "Amina."