Jumapili za Dayamí

Foleni ya mkate mjini Santa Clara ilikuwa imezunguka kona, na Dayamí alisimama juani katika gauni lake jeupe, ametoka kanisani. Nyuma yake alikuwepo kijana mrefu mwenye shati la dereva wa basi. Akamwuliza kama harusi imekwisha au bwana harusi bado anatafutwa.

"Kaka yangu yuko gerezani," Dayamí alimjibu. "Sisi wenye ndugu huko, hii ndiyo sare yetu ya Jumapili. Tunatembea barabarani kimya kuwadai."

Kijana akanywea. Jina lake Osmani. Alimsindikiza hadi mlangoni, akiomba radhi njia nzima.

Wakapendana upesi. Osmani alimpigia simu kila alfajiri, akiitania sauti yake ya usingizi. Siku za kumtembelea Noel, kaka aliyefungwa kwa kubandika ukutani karatasi ya kudai uchaguzi, Osmani ndiye aliyembebea Dayamí begi la sukari na sabuni hadi gerezani.

Jumapili moja wanawake walitoka kanisani wakakuta umati umeletwa na serikali kwa mabasi kuwazomea. Yai likampasukia Dayamí shingoni. Alipoinua uso akamwona Osmani katikati ya wazomeaji, mdomo wazi.

Hakupokea simu zake tena. Mwisho Osmani akaja mwenyewe, hana shati la kazi.

"Bosi alisema dereva asiyezomea arudishe funguo za basi," alisema. "Sauti haikutoka, Dayamí. Ila mdomo niliufungua."

"Na funguo?"

"Nilizirudisha jana."

Dayamí alimtazama sana, kisha akasogea ampishe aingie.

Jumapili iliyofuata Osmani alitembea kando ya njia, sambamba naye. Hawakufika mbali, polisi wakamkamata Osmani. Aliachiwa uso umevimba, ameambiwa achague: aondoke nchini au afungwe.

"Tuoane, mpenzi. Twende wote Madrid, kwa mjomba wangu."

"Noel atapelekewa sukari na nani?"

"Mama yako."

"Mama haoni, Osmani. Unajua."

Alijua. Akajiinamia. Akasema basi atabaki, wamfunge. Dayamí akamshika mashavu taratibu, pale palipovimba.

"Nina mmoja ndani. Wa pili sitamweza."

Osmani aliondoka siku ya kumtembelea Noel. Dayamí alilia kituoni mpaka basi la uwanja wa ndege likapotea. Kisha akafuta uso, akajitwisha begi, maana lango la gereza hufungwa adhuhuri na njia ilikuwa ndefu.