Kiti Alichonunuliwa Thenmozhi

"Mama, mbona sanduku ni tupu?"

Thenmozhi alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati la chuma la wazazi wake. Jumapili kulikuwa na wageni kutoka Salem, wazazi wa kijana aliyetaka kumposa, na dhahabu yake ya harusi ilipaswa isuguliwe ing'ae. Ndani ya sanduku la dhahabu alikuta kitambaa chekundu na vipande viwili vya kafuri tu.

Mama alimgeukia mumewe, Mwalimu Manikam, aliyejificha nyuma ya gazeti.

"Mwambie. Mimi nimechoka kubeba siri hii."

Mwalimu alikunja gazeti taratibu. "Mwaka ule uliposubiri kuingia chuo, uliugua tetekuwanga. Unakumbuka?"

"Nakumbuka kuwashwa tu, Baba."

"Mama yako alifunga mwarobaini mlangoni. Mariamma, mungu wetu wa kike wa ndui na tetekuwanga, akishaingia nyumbani namna ile, mtu hatoki mpaka mgonjwa aoge mara tatu. Siku yako ya kwenda Chennai kuchagua chuo kwa alama iliangukia katikati."

"Si ulikwenda wewe? Uliniambia ulikwenda."

"Sikwenda. Na hata ningekwenda, walimtaka mwanafunzi mwenyewe. Ulipooga ya tatu, viti vya alama, nafasi za waliofaulu, vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vile ambavyo vyuo binafsi huwawekea wenye kulipa zaidi. Nikaifunga dhahabu kwenye taulo, nikaenda kukulipia kimoja."

"Kwa nini ulinificha?"

"Nilikusudia kukwambia. Ila niliposema umepata chuo, ulicheka na uso wako wote madoa, ukasema, 'Nilijua tu, kichwa changu hiki.' Nikashindwa, mwanangu."

Thenmozhi hakulilia dhahabu. Jina lililomjia lilikuwa moja, na lilimchoma: Ilango.

Miaka ile ya chuo bwana, ilikuwa mitamu. Ilango alikuwa mtoto wa mfumaji wa Komarapalayam. Baba yake alikuwa na mashine nane za kufuma, akauza nne ili mwanawe apate kiti cha kulipia. Wengine walificha mambo hayo kama ugonjwa, yeye aliyatangaza mwenyewe. "Msinisukume jamani, nimekalia mashine nne," alikuwa akisema darasani, na darasa zima likicheka. Mvua ikinyesha walijibana na Thenmozhi kwenye ngazi za maabara, wakala wali wa ukwaju ambao mama yake Ilango aliufunga kwenye jani la mgomba. Ulikuwa umepoa, umeshikana, na mpaka leo Thenmozhi hajala wali mtamu kuliko ule.

Kwenye ngazi hizohizo, siku ya mwisho ya chuo, Ilango alimwambia, "Nitakuja na wazee kwenu, Thenu."

Naye kwa kiburi cha miaka ishirini na moja alijibu, "Mimi niliingia hapa kwa kichwa changu. Wewe uliingizwa na vyuma vya babako. Mwalimu Manikam atamwoza bintiye kwa kiti cha kununua?"

Ilango alimtazama, akafungua kinywa, akakifunga.

"Sawa. Msalimie Mwalimu."

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Thenmozhi alikaa kitandani, akaandika ujumbe kwa namba ambayo hakuwahi kuifuta:

"Ni Thenmozhi. Bado unatumia namba hii?"

Nusu saa ikapita. Kisha: "Mwenye namba hajaoa, na namba nayo ipo tu."

Akapiga kabla ujasiri haujamtoroka.

"Ilango, nisikilize kwanza. Kiti changu cha chuo kilinunuliwa. Nimejua leo."

Upande wa pili zilisikika mashine tu, tak-tak, tak-tak.

"Upo?"

"Nipo, Thenu."

"Mbona hushtuki?"

"Nishtuke nini, na mimi nilikuwepo? Tulikaa benchi moja na Mwalimu nje ya ofisi ya ada, mimi na mzee wangu. Mwalimu alikuwa amekumbatia taulo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Alipokuja siku ya wazazi nikamtambua. Naye akanitambua."

"Akakuomba unyamaze?"

"Hakuomba. Aliniangalia tu."

"Siku ile kwenye ngazi, neno moja tu lingenifunga mdomo."

"Lingekufunga. Halafu ungeshuka zile ngazi huna baba wa kujivunia. Ningepata faida gani?"

Thenmozhi alilia, tena kwa sauti, bila kujali kwamba mama yuko nje ya mlango. Aliona haya, na ndani ya haya hiyo alimpenda Ilango kuliko alivyowahi kumpenda.

"Nilikukosea," alisema. "Nami bado nakupenda, sitaki kuzunguka mbuyu. Jumapili wanakuja watu kuniona, na mimi sitaki wanione."

"Mimi uliniumiza, nikapona. Aliyebaki ni mzee. Maneno yako ya vyuma yalimfikia, si unajua marafiki zetu. Mpaka leo jina lako likitajwa anainuka na kutoka nje. Siwezi kuleta nyumbani mke wa kumtoa baba yangu nje. Mpate yeye, na mimi umenipata."

"Kesho nakuja."

"Uje na koo lako. Masikio yake yamekwisha, mashine zimeyala."

Asubuhi Thenmozhi alimkuta Mwalimu mlangoni, ameshamtolea viatu.

"Ukifika kwao," Mwalimu alisema, "usifiche nilichofanya."

Banda la mashine lilikuwa mwisho wa mtaa wa wafumaji, na kelele zake zilimpokea kabla hajaliona. Mzee Palanisami, baba yake Ilango, alikuwa ameinamia uzi uliokatika, taulo begani. Ilango alisimama kando, mvi mbili tatu kichwani, mikono nyuma. Hakumsaidia Thenmozhi hata kwa neno.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Thenmozhi."

"Nani?"

"Thenmozhi, binti wa Mwalimu Manikam. Nimekuja kuomba radhi."

"Sema kwa sauti, binti."

Alivuta pumzi mpaka tumboni, akapaza sauti kushinda mashine. "Hata mimi kiti changu kilinunuliwa—"

Umeme ukakatika. Mashine zikanyamaza zote kwa pamoja, na sauti yake ikatoka peke yake hadi barabarani. Wanawake waliokuwa wakizungusha uzi uani walisimama. Jirani alichungulia dirishani na mswaki mdomoni. Thenmozhi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mzee Palanisami aliweka kiganja sikioni. "Kilifanywaje?"

Angeweza kumsogelea na kumnong'oneza. Angeweza kusubiri umeme urudi. Ilango mwenyewe alipiga hatua moja mbele ili amsemee, lakini Thenmozhi akamzuia kwa mkono.

"Kilinunuliwa," alirudia, polepole, kwa sauti ya kufika mwisho wa mtaa. "Kwa dhahabu ya harusi yangu, iliyofungwa kwenye taulo. Baba yangu alinunua kama wewe ulivyonunua. Mimi nikawatukana ninyi wote wawili bila kujua. Nisamehe, mzee."

Mzee alimkagua kuanzia unyayo hadi utosi.

"Mwalimu wa taulo?"

"Ndiye."

"Aliyekuwa akilia kwenye benchi?"

Thenmozhi hakuwa amejua kwamba baba yake alilia. Aliitikia kwa kichwa.

Mzee Palanisami alikaa juu ya furushi la uzi. "Tulipotoka ofisini tulikuwa na hela ya chai moja, wazee wazima wawili. Tukaigawa kwenye glasi mbili. Sikumuuliza jina." Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akamgeukia mwanawe. "We Ilango, umesimama hapo kama nguzo. Mpigie huyo Mwalimu. Mwambie kama kuna wengine wanaoposa awarudishe, Jumapili tunakwenda sisi."

"Sawa, Baba."

"Na mwambie dhahabu ya harusi asihangaike kuitafuta. Mimi na yeye tulishalipa."